Sijui, Sikuona, Sikuwepo

Mara ya kwanza kuona bunduki ya mtu asiye na sare, ilikuwa imelazwa juu ya meza ya jikoni, kando ya birika la chai na sahani ya biskuti. Nilikuwa nimeenda kumrudishia jirani ngazi yake. Mlango wake wa nyuma ulikuwa wazi kama kawaida, nikaingia huku nikiita, nikaiona. Ngazi ikaniponyoka. Mzee aliinua macho, kitambaa cha mafuta mkononi, akaniuliza kama nitakunywa chai.

"Hiyo ni nini?" nikauliza, ati kana kwamba sikuona.

"Bunduki, bab," akasema. "Vuta kiti."

Bab ndivyo wenyeji wa Birmingham wanavyomwita yeyote wanayempenda, hata muuza samaki. Mzee huyu ni mmoja wa Wazungu wachache waliobaki mtaani kwetu Sparkhill, na tumeishi naye ukuta kwa ukuta miaka tisa. Nilijua anapenda sukari vijiko vitatu. Nilijua aliwahi kufanya kazi katika mtaa wa wafua bunduki, kule karibu na katikati ya jiji, tangu alipoacha shule mpaka karakana yao ilipofungwa. Lakini kwamba alirudi nyumbani na moja, hilo sikulijua.

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Mama husema nilipozaliwa nilianza kwa kumuuliza mkunga ametoka wapi. Basi nilivuta kiti, nikiiangalia ile bunduki kwa pembe ya jicho, nikaanza.

"Polisi wanajua unayo hii?"

"Wanajua. Wana namba yake. Wanajua kabati la chuma ninaloifungia, na wanajua kabati limefungwa ukuta gani."

"Nani aliyewaambia?"

"Mimi. Nani mwingine?"

Nilishindwa kumwelewa. Huyu ndiye mzee anayewatukana wakubwa tangu anapofungua pazia asubuhi. Wabunge kwake ni wezi, na mawaziri ni wezi waliopandishwa cheo. Nikamwuliza, "Kwa hivyo umewaendea wezi mwenyewe, ukawaonyesha mali ilipo?" Alicheka mpaka akaishika meza. Akasema bunduki si ya kupigana na serikali. Ni ya kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, huko mashambani, Jumapili moja moja.

"Serikali inakupa cheti cha kuvunja visahani?"

"Cha miaka mitano mitano," akasema, wala hakuona ajabu yoyote.

Halafu akanionyesha kitako cha bunduki. Mbao ilikuwa ya kahawia iliyokolea, na karibu na chuma palikuwa na ua dogo lililochongwa, si kubwa kupita ukucha. Kitako alikichonga mwenyewe alipokuwa kijana, akimchumbia marehemu mkewe, na ua lile bibi huyo ndiye aliyelichagua. Mkewe alifariki tukiwa majirani. Mama alimpelekea mzee chakula hata jamaa zake walipochoka kuja, na alipoanza kula anjera, zile chapati zetu za maji, kwa uma, mama alitingisha kichwa lakini hakuacha kumpelekea.

Sasa niseme ninakotoka, maana bila hilo yaliyofuata hayana maana. Mimi ni mwanamke wa Kisomali wa Isiolo, Kenya, na hapa ni dereva wa basi, juu na chini Stratford Road. Nyumbani kwetu Kisomali kilikuwa cha kugombana na Kiswahili cha kupiga soga. Mama hakumtukana mkubwa yeyote hata siku moja. Picha ya Rais ilitundikwa sebuleni, na mama aliipangusa vumbi kila Ijumaa. Lakini kabla hatujaanza chuo cha Kurani, mimi na kaka yangu mkubwa tulifundishwa majibu matatu ya kumjibu mtu yeyote wa serikali: sijui, sikuona, sikuwepo. Tuliyasema mbele yake mpaka yakatoka bila kukwama. Akikuuliza baba yako yuko wapi, sijui. Akikuuliza nani amepita na mbuzi, sikuona. Hata muuguzi wa shule aliyekuja kuuliza nani ameshachanjwa, darasa zima la watoto wa kwetu lilimjibu halijui, na wengine tukachanjwa mara mbili.

Nilipofika Uingereza nilidhani nimeyaacha huko. Kumbe mama alipokuja kuishi nasi aliyabeba, na binti yangu aliyezaliwa hapa akayapokea vizuri sana, kwa Kiingereza.

Baada ya siku ile ya ngazi, bunduki ya mzee haikunitoka kichwani. Kazini, kwenye chumba cha mapumziko, tupo madereva watatu tunaopiga Kiswahili, kila mmoja na chake. Nikawatupia swali: mtu asiyeiamini serikali yake, apewe bunduki au anyimwe?

Mkongo alisema haraka, "Kwetu kila mutu iko na bunduki, na hakuna mwenye analala muzuri." Alikuwa hataki hata kulisikia neno lenyewe. Mzanzibari alisema yeye anaogopa hata bastola ya maji ya mwanawe, lakini akauliza, "Sasa bunduki zote ikiwa nazo serikali peke yake, na siku serikali yenyewe imeamka vibaya?" Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa nazungukia pale pale: kwa nini mzee wangu, anayewaita wezi, anawaambia kila kitu, na mama yangu, anayewapangusa vumbi, hawaambii chochote?

Mwaka huu cheti cha mzee kilikaribia kuisha. Alikuja na fomu, amevaa shati la kutokea. Fomu inataka mtu mmoja wa kumdhamini kwa tabia, aliyemjua miaka isiyopungua miwili, asiye ndugu. "Marafiki zangu wote wamekufa, au wamehamia Uhispania," akasema. "Umebaki wewe."

Wallahi, nilijisikia mtu mkubwa. Mimi, niliyewahi kushushwa kwenye gari mara tatu kati ya Isiolo na Nairobi nionyeshe kitambulisho, leo serikali ya Mwingereza inaniuliza mimi kama Mwingereza ni mtu mwema! Nikaweka sahihi yangu kwa mkogo, na mkia wake nikaufanya mrefu. Kosa langu ni kwamba sikumwambia mama. Nilijua angenishika mkono.

Wiki ya pili afisa wa vyeti wa polisi alikuja kwa mzee kukagua kabati. Mimi nilikuwa kazini, na simu aliyonipigia sikuipokea kwa sababu nilikuwa kwenye usukani. Kwa hivyo alipotoka kwa mzee akagonga kwetu. Mama alifungua.

Yaliyosemwa pale mlangoni niliyajua kesho yake. Mzee alikuja mwenyewe, uso mwekundu, hakutaka kuingia wala kukaa.

"Umewaambia hunijui?" akaniuliza.

"Mimi?"

"Nyumba yenu imesema hainijui. Imesema mwanamke wa jina lako haishi hapa. Wanadhani nimeandika jina la uongo." Alisema cheti kinaisha baada ya wiki tatu, na kama jambo hili halijatengenea, siku hiyo itabidi aipeleke bunduki kwao kwa mikono yake. Hakusema wakishaichukua wataifanya nini. "Miaka tisa, bab," akasema, na akageuka akaenda zake. Ndiyo mara ya kwanza kuona amefunga mlango wake wa nyuma.

Nilimpigia afisa. Alikuwa mwanamke, mpole, na upole wake ulinitia wasiwasi zaidi kuliko ukali. Akasema bibi aliyefungua mlango aliulizwa, unamjua mzee wa jirani, akasema hapana. Akaulizwa, ana bunduki, akasema hajui. Akaulizwa, binti yako anaishi hapa, akasema hana binti. "Itabidi nije tena," akasema, "nizungumze na nyinyi wawili." Akanipa siku: Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Niliweka simu chini nikapandwa na hasira ambazo sijui zilikuwa zimekaa wapi. "Hooyo! Mama! Umenikana mimi? Mtoto wako wa kuzaa?" Mama alikuwa anachambua mchele. Alisema bila kuinua kichwa, "Aliuliza habari za bunduki."

"Huyu mzee anakula kwako! Mchicha na dania kwenye bustani yetu anamwagilia nani tukiwa hatupo?"

"Ndiyo maana nikasema simjui," akasema. "Ningekuwa simpendi, ningesema namjua."

Nilitoka nikaubamiza mlango, mimi mtu mzima wa miaka arobaini na tatu. Siku tatu tuliongea mambo ya chumvi na nguo za kufua tu. Mbaya zaidi, mama aliendelea kuweka sahani ya mzee pembeni kila adhuhuri, nayo ikawa inakaa pale inapoa, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na uso wa kuipeleka. Nilimwonea huruma mzee na nikamwonea aibu, na mama nilimkasirikia kwa yote mawili.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta jikoni anamimina anjera kwenye chuma. Nilisimama karibu naye nikasema taratibu, "Mama, nataka kujua tu. Si kugombana. Kwa nini?"

Alimimina ya pili, akaifunika. Akaanza kama anayesimulia habari za watu wengine.

Alikuwa na miaka kama kumi na mmoja, wakati huo wakifuga ngamia mbali kaskazini ya Isiolo. Wezi wa mifugo walikuwa wanakuja, na serikali haikuwa inakuja. Kaka yake alinunua bunduki kuukuu. Halafu serikali ikaja, si kwa ajili ya wezi, bali kwa operesheni ya kukusanya silaha. Tangazo likapigwa: zirudishwe zote. Kaka yake alisema, nikishawapa, ninyi mtakaa hapa mlinde ngamia? Hakuitoa. Walimchukua kisimani.

"Siku ya nne walituita uwanjani, wanawake na watoto," mama akasema. "Walikuwa wamemlaza chini. Afande akawa anapita na mstari, anauliza mmoja mmoja: unamjua huyu? Maana atakayemjua, ataulizwa na bunduki iko wapi, na yeye pia atachukuliwa. Mama yangu akasema hamjui. Akanibana mkono hivi." Alinishika kifundo cha mkono, akanibana mpaka nikaumia. "Afande akainama kwangu. Wewe mtoto, unamjua? Nikasema simjui. Tukachukua madebe yetu tukaenda kuteka maji. Sijui walimzika wapi. Huwezi kumdai maiti usiyemjua."

Anjera ilikuwa imeshika chini, inatoa moshi. Hakuna aliyeigusa. Nilikuwa nalia, naye hakuwa analia, na hilo ndilo lililoniliza zaidi.

"Alikuwa anaitwa nani?" nikauliza.

Alizima jiko akachukua mwiko. "Kesho huyo mwanamke anakuja saa ngapi?" akasema.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Kupitia dirishani nilimwona mzee amekaa kwenye kiti chake bustanini, kwenye baridi, amevaa lile shati la kutokea tena. Afisa alifika saa nne kamili. Mwanamke wa makamo, bila sare, miwani yenye mnyororo wa shanga, Kiingereza chake cha Birmingham kabisa. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari ya viatu, lakini alivivua mwenyewe mlangoni na kuvipanga kando ya vya mama. Mama aliviangalia viatu vile kwa muda.

Mimi nilimaliza haraka. Nilieleza ni mimi, nilionyesha kitambulisho cha kazi, nikasema namjua mzee na sahihi ni yangu. Aliandika. Kisha akamgeukia mama, akaniomba nimtafsirie.

"Mwambie mimi ndiye ninayeuliza kwanza," mama akasema.

Afisa akaweka kalamu chini.

"Nikisema namjua, mtampeleka wapi?"

Nilitafsiri. Mwanamke alinitazama, akamtazama mama. "Hapelekwi popote," akasema. "Atabaki kwake."

"Na nikisema simjui?"

"Basi huenda tukalazimika kuichukua bunduki yake."

Mama akasema, "Ala!" kwa sauti ya mtu aliyefungua kabati akakuta vyombo vimehamishwa vyote. "Kwa hivyo hapa anayesema hamjui, ndiye anayemponza?" Aliniuliza mimi, si yule mwanamke. Nikamjibu kwamba ndiyo, hapa ndivyo ilivyo. Akaniuliza tena kama nina hakika. Nikasema nina hakika ya hapa, na ya leo. Kwingine siwezi kumwahidi.

Alijifunga vizuri mtandio. Akamtazama yule mwanamke usoni, akasema kwa kile Kiingereza chake cha hospitalini na sokoni, bila kunisubiri: "Namjua."

Baada ya hapo hakuwa na breki. Namjua, anakula anjera kwa uma. Namjua, aliikata michongoma yetu nilipokuwa naumwa goti, na hakuomba hata maji. Namjua, mkewe alipokufa aliiacha aproni ya jikoni kwenye kamba ya nguo mpaka mvua ikaichakaza, nami nikaenda kuitoa, nikaikunja, nikampa mkononi. Namjua, anatukana televisheni. Nilitafsiri mbio mbio nikiachwa nyuma, na kalamu ya afisa nayo inakimbia. Akauliza, je, kuna jambo lolote juu yake linalokutia wasiwasi? Mama alifikiri sana. "Anapika vibaya," akasema.

Mwanamke yule alicheka, akajizuia, akacheka tena. Nami nisikuweke roho juu kwa bure: cheti cha mzee kilikuja kabla tarehe haijafika, akakileta kwetu tukione, na mlango wake wa nyuma ukarudi kuwa wazi. Bunduki ingali kwenye kabati lake na ua lake. Alitaka kumwonyesha mama, kwa shukrani. Mama alikataa kuingia chumba kile, akasema ua aje alichore kwenye karatasi, naye akalichora.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile afisa alimaliza kuandika, akafunga faili, akashukuru. Mimi nilishainuka kumfungulia mlango. Mama hakuinuka.

"Mwambie bado," akaniambia.

"Bado nini, hooyo?"

"Mwambie kuna mwingine niliulizwa kama namjua, nikasema simjui. Mwambie aandike kwamba nilimjua. Alikuwa kaka yangu."

"Mama," nikamwambia polepole, "huyu ni wa vyeti vya bunduki vya hapa. Mambo ya kwetu hayamhusu."

"Kwani si serikali huyu?"

"Ni serikali ndiyo, lakini..."

"Basi mwambie."

Afisa alikuwa amesimama, mkoba begani, akingoja kujua tunabishania nini. Jibu la kumpa lilishafika ulimini, lile la kwanza kati ya yale matatu, sijui, likija lenyewe bila kuitwa. Nililimeza. Nikamwambia. Nilimwambia kisima, na uwanja, na mkono uliobanwa, nikaona jinsi yalivyo machache kwa Kiingereza.

Hakutazama saa. Alirudi akakaa. Faili hakulifungua tena. Alitoa kwenye mkoba karatasi tupu, isiyo na mistari wala nembo ya mtu, akaiweka juu ya goti, akauliza anaitwa nani.

Mama akalitaja, kwa sauti, mara mbili, ili lisikosewe. Lilikuwa jina la kaka yangu mkubwa. Jina tulilolituma dukani utoto mzima, tukaligombeza, tukalifichia viatu, na hatukuwahi kuuliza lilikuwa la nani kabla yake.